Zamu Yetu kwenye Ndiva

Anayeipita Same ndani ya basi la Arusha huiona kwa dakika chache na kuimaliza. Ardhi nyekundu, migunga, upepo unaorusha vumbi la stendi hadi kwenye sahani za chipsi, kisha basi linaondoka. Mvua zinazotoka Bahari ya Hindi humwagika zaidi upande wa pili wa safu, huko Gonja, Mamba na Mbaga. Huku magharibi, Same na Makanya, yanafika mabaki tu. Ndiyo maana Makanya ulistawi mkonge, mahali ambapo mahindi hukauka yakiwa yamefika magotini. Abiria wengi hawainui macho. Wangeinua, wangeiona milima ya Upare ya Kusini ikipanda upande wa mashariki mpaka Shengena, karibu mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, na huenda wangejiuliza watu wa huko juu wanaishije na mvua isiyotabirika namna hii.

Kwa upande wa baba mimi ni wa huko, ingawa nimezaliwa na kukulia Dar es Salaam. Desemba iliyopita nilipanda Vudee kwa ajili ya kikao cha ukoo. Baba alikuwa ameshazikwa kando ya nyumba ya babu, matanga yalikwisha, arobaini ikapita, shamba halikuwa na mgogoro. Lilibaki jambo moja ambalo simu haikuweza kulimaliza: nani ashike zamu yake ya maji.

Niliowaeleza kazini sababu ya safari walidhani nazungumzia bomba. Si makosa yao. Kwa mtu wa mjini maji ni dira na bili. Hata Same mjini sasa habari kubwa ni mradi wa Same, Mwanga na Korogwe, unaovuta maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, na aliyewahi kununua dumu kwa bei ya Same kipindi cha kiangazi anajua furaha ya watu wa pale si ya bure. Lakini bomba ni la kunywa na kuoga. Shamba la mlimani linaishi kwa kitu kingine, cha zamani kuliko Same yenyewe, na hicho ndicho kilichonipandisha.

Kabla ya kikao nilipitiliza hadi Mwanga, nikapanda Usangi kuwasalimia wajomba. Upare ya Kaskazini ina sura yake: kahawa na migomba vimebanana na nyumba, misikiti na makanisa yanatazamana kutoka kilima hadi kilima. Wamisionari wa Leipzig walifungua misheni Shigatini mwaka 1900. Uislamu nao ulipanda kutoka bondeni, ambako misafara ya Pangani ilipita. Kwa wajomba zangu utamkuta mzee wa kanisa na kaka yake aliyekwishahiji wakigombania nani amlipie mgeni nauli.

Usangi ndiko alikozikwa Cleopa Msuya, Mei 2025. Mtu aliyekuwa Waziri Mkuu mara mbili, kuanzia mwaka 1980 na tena mwaka 1994, angeweza kulala popote nchini. Alirudi mlimani. Hakuna Mpare aliyeshangaa, na mjomba alinionyesha upande wa kaburi kwa sauti ile ile anayotumia kuonyesha mpaka wa shamba. Huku kuzikwa nyumbani si jambo la kujadiliwa. Majeneza yanapandishwa kutoka Dar, kutoka Mwanza, kutoka ng'ambo, na michango ya kuyapandisha hukusanywa kwa simu ndani ya siku moja, hata na wale ambao mwaka mzima hawakujibu salamu.

Jina la Msuya lenyewe lina historia ndefu. Kwa masimulizi aliyoyakusanya Profesa Isaria Kimambo kwa wazee wa koo, na kuyatoa katika kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare mwaka 1969, Ugweno, huko huko Upare ya Kaskazini, ilitawaliwa kwanza na Washana, wafua chuma, kabla ya Wasuya kuwapindua. Majembe na silaha za Upare zilivuka tambarare hadi Uchagani, zikarudi na mifugo. Kisha chuma cha ng'ambo kikaja kwa bei ya chini, reli ya Tanga ikafika Moshi mwaka 1911, na mafundi wakaanza kuzima moto mmoja baada ya mwingine. Kina Mshana leo wamejaa tele: walimu, wahasibu, madaktari. Namjua mmoja tuliyesoma naye ambaye hajawahi kuona mvukuto. Jina limedumu, kazi imekwenda, na pamoja na kazi yamekwenda yote yaliyokuwa yakifundishwa mbele ya ule moto: nani aruhusiwe kukaribia, nani arithi nyundo, nini kisemwe kabla ya kuanza.

Nyuma ya shamba la mjomba kuna miti mikubwa michache, imesimama peke yake katikati ya mihindi. Ni mpungi, msitu wa matambiko wa ukoo. Zamani fuvu la mzee wa ukoo lilifukuliwa baada ya muda na kuhifadhiwa mahali pa namna hii, na watu walikuja kusema naye mvua ilipochelewa. Dini zote mbili zilipiga vita jambo hilo na zikashinda. Mjomba husali sala tano, hajatambika maishani mwake, wala hana nia. Lakini miti hiyo haikati, na pembeni yake bado yamepandwa masale, yale majani marefu ambayo Upare na Uchaga hayachezewi kwa sababu yanashika mpaka na yanashika amani. Nilimuuliza kwa nini asikate, mbao zina bei. Akanionyesha kijito kinachoanzia chini ya mizizi, kinachonywesha nyumba kadhaa za chini. "Nikiukata huu, nitawaambia nini wale?" Wale alimaanisha majirani walio hai, si wazee wa kwenye mafuvu. Jibu hilo lilinikaa kichwani safari nzima. Mpungi mwingine, mbele kidogo, haukuwa na chemchemi. Umebaki visiki na uwanja wa kuanikia maharage.

Niseme mapema kwamba sitaki kila kilichokufa kifufuke. Huku pia wasichana walikuwa wakikeketwa, na jambo hilo likasemwa ni mila ya nyumba, heshima ya mama na bibi. Sheria ya mwaka 1998 ikaliita kosa, na akina mama wengi wa milimani walishaliacha au wakaliacha kimya kimya bila kungoja mahakama. Hakuna kilichopungua katika ukoo wetu. Mtu anayelilia mila zote kwa mkupuo mmoja hajaketi na wanawake waliozibeba.

Kutoka stendi ya Same gari la Vudee huondoka likijaa, si likifika saa. Nilikaa kati ya mama mwenye vifaranga na kijana aliyepakata spika ya muziki ya kanisa. Pembeni yetu lori lilikuwa linashusha magunia ya tangawizi ya Mamba Miamba, harufu yake ikashinda hata moshi wa mishikaki. Tangawizi imejenga nyumba nyingi za tofali huko mashariki. Pia imelimwa kwenye miteremko ambayo wazee walikuwa hawaigusi. Novemba 2009 mlima uliporomoka usiku Goha, kwenye kata hiyo hiyo ya Mamba Miamba, ukafukia nyumba na watu zaidi ya 20. Mvua ilikuwa kubwa kupita kiasi, kweli. Lakini ukiwasikiliza wa Mamba hawamalizi kuisimulia mvua kabla ya kutaja mteremko.

Baba alikuwa akitusimulia Land Rover za zamani zilizokuwa zikipanda na watu wamening'inia hadi juu ya boneti, na vijana wa kuweka mawe nyuma ya tairi. Siku hizi ni Noah na bodaboda, na sehemu mbaya za kona zimewekwa zege. Vumbi likabaki chini, hewa ikapoa, yakaanza maparachichi, migrivea, ngazi za mawe zinazoshika udongo wa mashamba. Kando ya karibu kila nyumba kuna makaburi, mengine ya mawe matupu, mengine ya vigae. Nilishuka giza likiingia. Shangazi alikuwa ananingoja barabarani na tochi ya simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mama. Umekonda. Twende, makande yako jikoni."

Watani wetu husema Mpare na makande hawatengani, na kwa nyumba ile sina la kubisha. Mahindi ya kukobolewa kwa kinu, maharage, nazi haipo huku, badala yake maziwa na kitunguu, yamekaa motoni tangu mchana. Shangazi huyu, dada wa pili wa baba, aliolewa bondeni, ndoa ikavunjika, akarudi kwa baba yake na watoto. Hilo lilitokea kabla sijaanza shule. Mwekeni akilini, maana kikao chote kilikuja kumwangukia yeye.

Ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa ubavuni mwa mlima. Mtoni, juu kabisa, kuna banio la mawe, matawi na udongo linalogeuza sehemu ya maji. Maji huingia kwenye mfongo, mfereji unaotembea ukingoni mwa mteremko, mahali pengine umechongwa kwenye mwamba, mahali pengine umebebwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Mto wenyewe ni mwembamba. Ukiyaelekeza maji yake moja kwa moja shambani yatanywewa na udongo kabla hayajafika nusu ya tuta. Kwa hiyo yanalazwa. Kwa saa nyingi yanajaa kwenye ndiva, kisha kizibo kinatolewa, na kile kilichokuwa uzi kinatoka kwa nguvu ya kufika shamba la mwisho. Ziko ndiva za kumwagilia ekari chache na ziko kubwa zinazobeba zaidi ya mita za ujazo 1,000. Zilikuwepo kabla ya Mjerumani. Nyingi zilichimbwa na koo, na mpaka leo ukitaja jina la ndiva umetaja watu.

Kuna pia mapatano makubwa zaidi, ya mto mzima. Vudee iko juu, Bangalala iko chini yake kuelekea Makanya. Wa juu wangeweza kuyamaliza maji yote wala wa chini wasingekuwa na la kufanya isipokuwa kupanda na mapanga. Walichokubaliana wazee ni kwamba wa juu watumie mchana, na usiku maji yaachiwe yateremke yajaze ndiva za chini. Sijui utaratibu wa kisasa wa kugawa mto ulio mwepesi na wa haki kuliko huo. Mlinzi wake ni aibu: mtu wa juu akizuia maji usiku, asubuhi wa chini wanaona ndiva haikujaa, na kwa kuwa wameoleana, wanajua nyumba ya kwenda kuuliza.

Baba mdogo aliniamsha kabla ya alfajiri. Tulikwenda kwa tochi, umande ukitulowesha hadi kwenye mapaja. Ndiva ilikuwa imejaa tangu jana yake, iko kimya, na watu wa zamu walikuwa wamekaa juu ya ukingo wakizungumzia bei ya nyanya. Baba mdogo akazamisha fimbo yenye alama, akaiinua, akawaonyesha wote ilipolowana. Hivyo ndivyo maji yanavyogawanywa: kina kadhaa kwa huyu, kina kadhaa kwa yule. Kisha kizibo kikavutwa. Nilisikia sauti ya maji yakiingia kwenye mfongo, na kila mwenye zamu akaondoka mbio na jembe lake kwenda kufungua kwake na kufunga kwa jirani. Hakuna aliyeandika kitu. Ukichelewa kufungua, maji yako yanapita kwenda kwa anayefuata, na huwezi kumlaumu mtu.

Miaka ya 1990 miradi ya umwagiliaji wa asili ilisaidia kusakafia baadhi ya ndiva kwa saruji na kuunda kamati zenye mwenyekiti, katibu na daftari. Saruji ilifaa. Kamati pia, pale ilipokubali kuwa na wazee wa ukoo ndani yake. Mahali walipowekwa kando, mfongo ukawa wa kamati, na mfongo wa kamati husubiri mfadhili aje kuuzibua. Kwetu waliwachanganya, na ule mwito wa zamani, msaragambo, bado unaitwa: siku inatangazwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe, wanazibua tope na mchanga kutoka banioni mpaka ndiva. Asiyetoa mtu anatozwa faini. Akirudia, maji yake yanampita.

Ipo miiko ya bibi zetu iliyokuwa ikinichekesha utotoni. Sufuria yenye masizi haichovywi kwenye mfongo wala chemchemi, maji yatakimbia. Asubuhi ile nilimwona kijana akija na pampu ya dawa ya nyanya mgongoni, akainama kuisuuza. Wazee watatu walisimama kwa pamoja. "Masizi hayo!" mmoja akapiga kelele, na kijana akaiinua pampu haraka, akaenda kuchota kwa ndoo na kusuuzia mbali, kwenye majani. Hakuna aliyempa somo la sumu wala la vyura. Alijua masizi ni nini tangu mdogo, na wazee walikuwa wamelihamisha katazo kutoka kwenye sufuria hadi kwenye pampu bila kikao wala semina.

Nikiwa nimekaa juu ya ukingo ule nilielewa jambo la Same ambalo nililisoma chuoni bila kulielewa. Katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilileta Upare kodi mpya ya kupimwa kwa mali ya mtu, na ikaipa jina la mbiru, ambalo lilikuwa la haki ya mtawala ya zamani. Watu walikataa. Kodi ya kichwa walikuwa wakiilipa. Walichokataa ni kamati kuingia nyumbani kuhesabu mbuzi na kahawa na kukisia, na kuliona jina la desturi yao limevishwa kitu cha wengine. Januari 1945 wakateremka kwa maelfu kutoka milima yote hadi bomani Same, wakakaa. Kimambo, aliyeandika kitabu kizima juu ya mbiru, anaonyesha jinsi walivyodumu: kwa kupokezana. Kundi moja linakaa Same, jingine linapanda kulima na kurudi na chakula. Wanawake wa Usangi nao wakamkabili mkuu wa wilaya wakimtaka awarudishie waume zao au atoe jibu. Mgogoro haukuisha mpaka mwaka 1947, na kodi ikaondolewa.

Wanahistoria wameeleza uongozi wa mgogoro huo, madai yake, mahusiano yake na siasa za uhuru zilizokuja baadaye. Mimi naongeza hili tu: watu wale hawakufundishwa na mtu namna ya kupokezana. Mtu aliyekua akijua kwamba usiku ni wa Bangalala na mchana ni wa Vudee, na kwamba akichelewa zamu yake imepita, anajua kukaa Same wiki yake na kumpisha mwenzake. Boma lilidhani watachoka kwa sababu lilihesabu tumbo la mtu mmoja mmoja.

Kikao chetu kilikuwa Jumatano. Hakiwezi kuwa Ijumaa kwa sababu ya wenzetu Waislamu, wala Jumapili kwa Walutheri, wala Jumamosi, ambayo Upare ya Kusini ni siku nzito kweli: Waadventista walifika hapa mwaka 1903 wakajenga misheni yao Giti, na tangu hapo nusu ya ukoo wetu hailimi, haisafiri wala haijadili mali Sabato. Mbuzi alichinjwa na mwanaukoo Mwislamu ili wote wale. Dengelua, pombe ya miwa ambayo babu zetu wasingefungua kikao bila hiyo, haikuwepo. Iliwekwa soda na uji. Mzee wetu alisali kwa Chasu, lugha yetu, na nikawaona watoto wa Dar na Arusha wakitazamana. Binti wa kaka yangu akanong'ona kuuliza babu anasema nini. Nilimweleza nilichoweza. Hilo liliniuma kuliko kukosekana kwa dengelua, na sioni dawa yake kwenye kikao cha mara moja kwa mwaka.

Daftari la ukoo likasomwa: waliozaliwa, waliooa na kuolewa, waliokufa, nani hajalipa mchango wa mazishi. Majina ya watoto wapya yakashangiliwa pale mtu alipompa mtoto jina la bibi, Nakijwa au Naghenjwa, pamoja na lile la kanisani. Kwenye kundi la simu la ukoo majina hayo yalikuwa yameshapongezwa kwa maua na mioyo, lakini kuyasikia yakisomwa mbele ya makaburi ya wenye majina ni jambo jingine.

Kisha zamu ya baba.

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Kaka yangu ananifuata, anafanya kazi Mwanza. Mzee mmoja alisema waziwazi, wala hakusema kwa ubaya: huyu binti ameolewa, watoto wake ni wa ukoo mwingine, tukimwandika yeye maji ya babu yetu yatakwenda kwa watu tusiowajua. Binamu yetu wakili akaitaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kwamba mwanamke ana haki sawa ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Mzee akamjibu kwamba sheria inasema ardhi, haikusema mfongo. Wengine wakaguna. Kaka yangu akasimama akasema dada ndiye mkubwa na yeye hana neno. Tena kama shida ni kazi, yuko tayari kutuma hela ya vibarua kila msaragambo, hata leo.

Baba mdogo hakujibu juu ya hela. Aliuliza swali moja: tangu dada yake arudi nyumbani, nani amewahi kuona sehemu yake ya mfongo imeziba? Watu walinyamaza. Shangazi alikuwa ameketi na akina mama kwenye mkeka, anamenya vitunguu, hakuinua kichwa. Miaka yote ile alikuwa akitumia kipande cha zamu ya babu bila kuandikwa popote, kwa hisani ya kaka zake. Alikuwa ametoa mtu kila msaragambo: kwanza mwenyewe, kisha wanawe, sasa wajukuu wake, ambao kwa jina la baba yao si wa ukoo wetu hata kidogo. Wakati huo huo, baba mdogo akataja nyumba za wanaume wa ukoo ambazo mifongo yao ilizibuliwa na shangazi ili maji yafike kwake. Hakutaja kwa jina. Hakukuwa na haja.

Mjadala ulichukua muda mrefu kuliko ninavyoweza kuusimulia, na haukuwa wa adabu wakati wote. Mzee wa kwanza hakubadilika, ila alitaka iandikwe kwamba zamu haiuzwi wala haikodishwi kwa mtu wa nje, awe ameirithi mwanamume au mwanamke. Hilo lilikuwa wazo jema na likapita bila kura, kwa sababu vijana wawili wa ukoo walikuwa tayari wanakodisha zamu zao kwa mkulima wa nyanya na kila mtu alijua. Shangazi akaandikwa kwa jina lake. Zamu ya baba ikaandikwa kwangu na kwa kaka yangu kwa pamoja, shangazi aendelee kuitumia tusipokuwepo. Na hela ya kaka yangu ikakataliwa.

"Faini ni ya mgonjwa na mfiwa," baba mdogo alisema. "Ninyi ni wazima. Mtaleta watu."

Ikakubaliwa Juni, shule zikifungwa na masika yakiwa yameacha tope lake lote kwenye mfongo. Kila nyumba iliyoko mjini italeta mtu wa damu yake, si kibarua, na atakaa mpaka kazi iishe. Katibu akaanza kuandika. Alipofika kwangu akasimamisha kalamu, akamuuliza baba mdogo watoto wa dada waandikwe kwa ukoo upi, maana daftari lina safu ya ukoo.

"Safu hiyo iache," akasema. "Andika majina, na andika wanakofanyia kazi."

Wanangu wameandikwa wote wawili, banioni, pamoja na wajukuu wa shangazi. Mkubwa aliponipigia kutoka Dar usiku ule alitaka kujua kama huko juu kuna mtandao. Nikamwambia upo. Akauliza banio ni nini, na nikaanza kumweleza, mpaka shangazi akaniomba simu amweleze mwenyewe.